Bustani ya Chumvi

Jumamosi ile ghorofa ya chini ya duka kubwa la Umeda ilifurika wanawake. Mwaka ulikuwa unakwisha, mwaka ule ule mfalme mpya aliposhika kiti, bonasi zilikuwa zimetoka, na jiji zima la Osaka lilionekana kutaka uso mpya kabla ya sikukuu. Mizue Kawabe alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya vipodozi tangu asubuhi, miguu ikimuwaka ndani ya viatu vya kisigino, akitabasamu mpaka mashavu yamemkaza. Ndipo alipoona umati unajitenga katikati, kama watu wanaompisha mgonjwa.

Aliyekuwa akipishwa ni kijana mrefu mwenye nywele nyekundu zilizomfika mabegani. Alivaa koti la ngozi lililochubuka viwiko, suruali iliyombana kama soksi, na shali ya lesi nyeusi ambayo bila shaka ilishonwa kwa ajili ya mwanamke. Alikuja moja kwa moja hadi kwa Mizue, akaweka mikono juu ya kioo cha kaunta.

"Dada, nipe poda nyeupe kuliko zote mlizonazo."

"Ni zawadi, nikufungie vizuri?"

"Ya kwangu mwenyewe."

Bi Fujikura, mkubwa wa kaunta, aligeukia ukutani ghafla, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mizue hakucheka. Jicho lake lilikuwa limenasa kwenye taya ya yule kijana, mahali ngozi ilipobabuka na kuota vipele vyekundu.

"Siku zote umekuwa ukijipaka nini?"

"Rangi."

"Rangi gani?"

Kijana akatazama kushoto, akatazama kulia. "Ile ya kuchorea. Ya watoto wa shule."

"Ya maji?"

"Ya maji haikai, jasho linaishusha. Naichanganya na gundi."

"Gundi!" Sauti ilimtoka Mizue kubwa kuliko inavyoruhusiwa kazini. "We kaka, huo ni uso au ukuta wa kubandikia matangazo?"

Kijana alimwangalia, kisha akaangua kicheko kikubwa, cha kitoto, kisicholingana kabisa na lile koti. Alikuwa na jino moja lililopanda juu ya lingine. Mizue alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamsafisha taya kwa pamba, akampaka poda upande mmoja ili aone mwenyewe. Wanawake walisimama kutazama. Kijana hakuwajali, ila mguu wake wa kulia ulikuwa ukitikisika muda wote, taka-taka-taka, mpaka chupa za marashi zikawa zinagongana.

"Tulia. Nitakutoboa jicho."

"Siwezi. Nikitulia nasikia kama kuna treni inaniacha."

Aliitwa Shunsaku. Alipiga gitaa katika bendi ya watu wanne iliyoitwa Usuzumi, yaani wino uliochujuliwa, ule wa kuandikia rambirambi. Kabla ya kuondoka alichukua kalamu ya wanja ya majaribio, akaandika jina la ukumbi mgongoni mwa kiganja cha Mizue, kama vile kiganja chenyewe ni chake.

"Njoo Ijumaa uone kazi ya mikono yako."

"Na nisipokuja?"

"Nitarudia gundi. Dhambi utaibeba wewe."

*

Alikwenda. Ukumbi ulikuwa chini ya ardhi huko Shinsaibashi, ngazi zake nyembamba zikinuka sigara na dawa ya kupuliza nywele. Mizue alivaa sketi yake ya kazini na koti la rangi ya maziwa, na kati ya wale wasichana waliovaa nyeusi tupu alionekana kama sahani iliyosahaulika mezani. Taa zilipozimwa alitaka kukimbia. Zilipowaka, hakutaka tena.

Wale wanne walisimama na nywele zilizopaa juu kama moto, macho yamezungushiwa wanja mpaka karibu na masikio. Muziki ulianza kwa kasi ya kutisha, roki nzito yenye kusaga meno, kisha katikati ya vurugu lile gitaa la Shunsaku likaanza kulia peke yake, polepole, kama mtu anayejieleza mahakamani. Mizue alilisikia kifuani kabla ya kulisikia masikioni. Alitazama ule uso mweupe. Jasho lilikuwa likimiminika, lakini poda haikubanduka hata kidogo, na alijikuta akitabasamu kwa fahari ambayo hakuwa na mtu wa kumwambia.

Baada ya onyesho walikula mipira ya unga iliyotiwa pweza na kuchomwa, wamesimama kando ya kibanda, mvuke ukiwapanda puani.

"Umeonaje?" Shunsaku aliuliza mdomo umejaa.

"Kelele."

"Kelele nzuri au kelele mbaya?"

"Kelele. Sijamaliza kufikiri." Akamfuta wanja uliomchuruzikia shavuni. "Nitakwambia nikimaliza."

Hakuwahi kumaliza. Baridi ilipokolea walikuwa wakionana kila alipopata siku ya mapumziko, na siku nyingine zote walipigiana simu. Mizue aliishi na wazazi wake Toyonaka, na simu ilikaa ukumbini karibu na jiko, kwa hiyo aliyeipokea siku zote alikuwa mama.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Naitwa Shunsaku, naomba kuzungumza na Mizue, kama ana nafasi."

Mama alikuwa akifunika simu kwa kiganja na kunong'ona kwa furaha, "Yule kijana wa benki!"

"Nani kakwambia ni wa benki?"

"Sauti yake. Mtu wa adabu namna ile atakuwa wapi kama si benki?"

Mizue alikuwa akiubeba mkono wa simu hadi waya unapoishia, nyuma ya pazia. "Wewe mwongo mkubwa."

"Nimesema uongo gani? Nimeamkia tu. Umevaa nini?"

"Sweta la baba na soksi mbili mbili."

"Usiendelee, moyo utanisimama."

"Pumbavu. Kesho mnarekodi?"

Hapo sauti ya Shunsaku ilibadilika. Mzaha uliondoka, kikabaki kitu kama njaa. Usuzumi walikuwa wamepata kampuni ndogo, ya mzee mmoja aliyeitwa Nezu, aliyekubali kuwatolea albamu. Waliipa jina Bustani ya Chumvi. Walirekodi Sakai, kwenye chumba kilichokuwa ghala la mchele zamani, wakiwa wamevaa makoti kwa sababu hita ilikuwa ikiingiza mvumo ndani ya vipaza sauti. Shunsaku alirudia kipande kimoja cha gitaa mpaka fundi mitambo akamwomba, kwa mikono miwili, aende nyumbani akalale. Kwake yeye ile haikuwa albamu. Ilikuwa ni kuulizwa na dunia, mara moja tu, wewe ni nani, na kupewa dakika arobaini za kujibu.

Siku ya kupiga picha ya jalada Mizue ndiye aliyewapaka wote wanne. Alimaliza na Shunsaku.

"Ukitokea kwenye jalada hilo," alimwambia akimchora nyusi, "utanikumbuka lakini?"

"Nitakukumbuka vipi, na huondoki?"

"Nani kasema siondoki?"

"Mimi, laazizi. Haya, nimefumba macho, ulisema utanitoboa."

*

Mwezi wa tano albamu ilitoka. Duka moja la muziki la Shinsaibashi liliwapa meza Jumapili mchana ili wawasainie mashabiki, na Mizue aliombwa kuja na kasha lake la vipodozi, asimame nyuma ya viti na kuwarekebisha nyuso. Foleni ilifika hadi barabarani: wasichana waliovaa lesi na misalaba, wengine wakilia hata kabla ya kufika mezani. Mzee Nezu alikuwa akizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

Mizue aliinama kumfuta Shunsaku jasho shingoni. Alifanya hivyo kama alivyozoea, mkono wa kushoto ukiwa begani kwake. Msichana aliyekuwa mbele ya meza, mwenye nywele nyeusi zilizokatwa kama kwa rula, aliutazama ule mkono kwa muda mrefu.

"Huyu dada ni nani yako?"

Shunsaku hakuinua kichwa.

"Huyu? Wa vipodozi. Kampuni imemkodi."

Akaendelea kusaini. Mizue aliinua mkono wake kutoka lile bega. Alimalizia uso wa mpiga ngoma, kwa kuwa alikuwa ameshauanza, akafunga kasha, akatoka kupitia mlango wa nyuma. Barabarani jua lilikuwa kali na kila mtu alionekana ana mahali pa kwenda. Alitembea hadi mtaa wa Namba, akavuka, akarudi, akapanda treni isiyo yake, akashuka. Hakulia. Alichokuwa akikisikia ni aibu, na aibu haikai chini.

Jioni simu ililia. Aliiwahi kabla ya mama.

"Mizue, nisikilize kwanza..."

"Samahani, hapa ni kwa mtu wa vipodozi. Kaunta imefungwa."

"Usifanye hivyo. Kuna sababu."

"Nilikuwa nyuma ya kiti chako, Shunsaku. Nimekusikia vizuri kuliko gitaa lako lote."

Akakata. Wiki nzima mama alikuwa akija mlangoni na uso wa huruma. "Yule wa benki amepiga tena." Mizue alijifunika blanketi. Siku moja, akiwa kazini, alimwona Shunsaku kwenye mlango wa duka, amesimama baina ya vioo viwili. Alishaanza kuvua aproni yake, ajipe dakika tano tu, aende. Lakini Shunsaku aligeuka nyuma, akaona kitu barabarani, akaondoka haraka bila kuingia. Basi. Kumkana mara moja kulikuwa hakujatosha, amekuja kumkana na kazini kwake.

Kesho yake Bi Fujikura alitangaza kwamba tawi la Sapporo linatafuta mkubwa wa kaunta, mtu wa kuhamia huko kaskazini mwishoni mwa mwezi wa nane. Walioolewa walitazama sakafu. Mizue akanyoosha mkono.

*

Bustani ya Chumvi haikuuzwa. Jarida moja la muziki liliiandikia mistari miwili, wa pili ukiwa mzaha kuhusu nywele. Wapenzi wa roki nzito waliliona jalada wakasema hawa ni wanasesere. Wasichana waliolipenda jalada waliweka sindano kwenye santuri wakaziba masikio. Juni, mwezi wa mvua, ilikuwa imeshateremshwa kutoka dirishani hadi rafu za chini, na Julai ikahamia kwenye sanduku la bei ya kutupa, kati ya nyimbo za mazoezi ya viungo na hotuba za mchekeshaji aliyekwisha kufa. Mzee Nezu alifunga ofisi bila kuaga. Nambari yake ya simu ikawa inalia tu.

Mchana mmoja wa joto, mwanamume mwenye nywele fupi kama askari alisimama mbele ya kaunta ya Mizue. Ilimchukua muda kumtambua. Alikuwa Yoshitaka, mwimbaji wa Usuzumi.

"Nywele zako ziko wapi?"

"Nimemwachia kinyozi. Narudi Wakayama, shamba la machungwa la baba. Machungwa hayajali umevaa nini." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Dada Mizue, nimekuja kukueleza jambo. Shunsaku hajanituma, na akijua atanipiga na gitaa."

"Kama ni kunibembeleza kwa niaba yake, nina wateja."

"Unamkumbuka Kanae wangu? Alivyokuwa na nywele ndefu, anazisuka mkia mmoja?"

"Namkumbuka."

"Wiki moja kabla ya siku ile ya kusaini, mtu aliukata ule mkia ndani ya treni. Kwa mkasi. Watu wamebanana, Kanae kasikia tu kichwa kimekuwa chepesi. Kisha msichana akamnong'oneza sikioni: mwache Yoshitaka. Alikuwa na nywele zilizokatwa kama kwa rula. Kanae alimwona."

Mizue aliushika ukingo wa kaunta.

"Shunsaku alimtambua pale mezani. Alisema neno la kwanza lililomjia. Na siku aliyokuja hapa dukani, wasichana wawili walikuwa wamemfuata tangu stesheni. Hakutaka wajue unapofanya kazi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ulimpa nafasi?"

Yoshitaka alitoa mfuko, akauweka juu ya kioo. Ndani mlikuwa na santuri. "Hujaisikiliza, najua. Jumapili mchana tunapiga mara ya mwisho, kisha kila mtu njia yake. Yeye kapata bendi Tokyo, ya kampuni kubwa. Njoo, au usije. Mimi nimeshatua mzigo wangu."

Nyumbani Mizue aliiweka santuri kwenye mashine ya baba, akakaa sakafuni akiwa amevaa sare ya kazi bado. Alitaka iwe mbaya. Ingekuwa mbaya angelala vizuri. Lakini ilikuwa nzuri, nzuri kwa namna ya kukera, na wimbo wa mwisho ulipotulia, gitaa lile likijieleza na kujieleza na hakuna anayelijibu, mama alikuja na taulo ya jikoni mkononi akasimama mlangoni.

"Nani hao?"

"Yule wa benki, mama."

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Basi hiyo benki," akasema taratibu, "ina matatizo makubwa."

Mizue alicheka, na katikati ya kicheko machozi ambayo yalikuwa hayajatoka tangu mwezi wa tano yakatoka yote.

*

Jumapili ukumbi ulikuwa na watu wa kuhesabika, feni zikizungusha hewa ya moto. Usuzumi walipiga albamu nzima, wimbo baada ya wimbo, Yoshitaka akiwa na zile nywele zake za askari. Shunsaku alipiga bila kutazama watu. Hakujipaka chochote. Mizue, aliyesimama karibu na mlango, hakuwahi kuuona uso ule mtupu chini ya taa, na ulimtisha zaidi kuliko ulipokuwa mweupe.

Alimngojea nje. Shunsaku alitoka na gitaa mgongoni, akamwona, akasimama. Kwa mara ya kwanza mwili wake wote ulitulia.

"Umekuja."

"Nimekuja kugombana. Twende mtoni, hapa kuna watu."

Walitembea kingo za mto Yodo, upepo wa joto ukipeperusha majani marefu na treni zikipita darajani moja baada ya nyingine. Mizue alikuwa mbele, akienda kasi.

"Yoshitaka kaniambia yote."

"Mdomo wake ule..."

"Nyamaza. Mkasi ulikuwa unanisubiri mimi, sivyo? Nywele zangu. Basi ungeniambia! Ungeniambia usiku ule ule Kanae alipokatwa, ningechagua mwenyewe kuja au kutokuja, kusimama karibu au mbali. Umenilinda kama mzigo, Shunsaku. Mzigo hauulizwi."

"Niliogopa."

"Uliogopa wasichana au uliogopa albamu isiuzwe?"

Treni ilipita, ikaisha.

"Vyote viwili," Shunsaku alisema. "Nezu alitukataza kuwa na wapenzi. Ningeweza kukwambia sababu ni mkasi peke yake, ungenisamehe upesi. Lakini yule msichana alipouliza, nilifikiria nywele zako, na nilifikiria ile foleni. Kwa pamoja."

Mizue alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa uongo mtamu, na ukweli ulimkuta hana ngao.

"Nahamia Sapporo," akasema. "Alhamisi. Nilijiandikisha nilipoona umegeuka mlangoni."

"Sapporo?" Alilitamka kama jina la nyota. "Mimi Tokyo wananitaka Jumatatu ijayo."

"Hongera. Tena kwa moyo. Unastahili."

"Hongera gani! Mizue, twende wote Tokyo."

"Na kule nitakuwa nani? Wa vipodozi?"

Neno lilimpata. Alisimama akijikuna mkono, kisha akaanza kupanda tuta kuelekea barabarani, ambako kulikuwa na kibanda cha simu karibu na duka la sigara. Mizue akamfuata akidhani ameudhika. Shunsaku aliingia, akaacha mlango wazi kwa mguu wake, akachomeka kadi, akapiga Tokyo. Ile sauti ya benki ikatoka.

"Samahani kwa kukusumbua Jumapili, bwana. Ni Shunsaku wa Osaka. Kuna jambo sikukueleza. Nina mchumba... Ndiyo. Anaitwa Mizue Kawabe... Nimelisoma sharti, bwana, ndiyo maana napiga. Sitaweza kumficha... Hapana, hata kwa mwaka mmoja." Kisha sauti ndogo ya mwanamume ikazungumza kwa muda mrefu ndani ya simu bila kupanda wala kushuka. "Naelewa. Asante sana kwa kunifikiria."

Aliirudisha simu mahali pake kwa uangalifu.

"Kasema nini?"

"Kasema wapiga gitaa wako wengi."

"Mwendawazimu wewe! Mpigie tena, mwambie ulikuwa na homa!"

"Kadi imeisha." Uso wake ulikuwa umepauka, lakini lile jino lilianza kuchungulia. "Nisikie kwanza moyo unavyokwenda. Nimeogopa kweli kweli."

"Na huyo mchumba ni nani? Mimi nimekubali lini?"

"Bado."

"Hata kuniomba hujaniomba."

Mwenye duka la sigara, mama wa makamo, alikuwa ameegemea dirisha lake akisikiliza bila kujificha. Shunsaku aliweka gitaa chini, barabarani, kwenye vumbi, akanyoosha shati lake lililolowa jasho.

"Mizue, naomba nikuoe. Sina kazi, sina bendi, na albamu yangu inauzwa na nyimbo za mazoezi. Sapporo simjui mtu hata mmoja. Nitapata kibarua, na nitapiga gitaa kwa yeyote atakayevumilia. Ila siwezi kukuahidi kwamba nitatulia."

"Nani kakwambia nataka utulie?" Mizue alisema. "Nataka unitaje jina tu."

"Mizue," alisema. "Mizue, Mizue, Mizue..."

"Inatosha, watu wanatusikia."

"Kubali, binti, ana adabu kwenye simu," akasema yule mama wa sigara.

Mizue alimkubalia kwa kuliokota gitaa na kulivaa mgongoni mwake mwenyewe. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Wakaingia mtaa wa maduka, nyimbo za wadudu wa kiangazi zikipasua masikio, lami ikilainika chini ya viatu. Alimtazama mwanamume huyu mwenye shati jepesi na koti moja la ngozi lililotoboka viwiko, akaifikiria theluji ya Sapporo, akamvuta ndani ya duka la kwanza la mitumba. Muuzaji alikuwa amelala kitini mbele ya feni, miguu ndani ya beseni la maji.

"Tunataka koti la baridi," Mizue akamwambia. "Zito. La huyu hapa."

Muuzaji alifungua jicho moja. "La baridi? Leo?"

"Leo," Mizue akasema, akaanza kumpima Shunsaku mabega kwa viganja vyake.